Mrudishieni Mume Wangu Saa Zake za Gemu

Kwa Mhariri,
Dawati la Barua za Wasomaji.

Yahusu: Ombi la kusahihisha makala yenu kuhusu muda wa kucheza gemu

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu za heshima, wewe pamoja na wote wanaokusaidia kulitoa gazeti, hata yule anayechora katuni za ukurasa wa nyuma, ambazo sizielewi lakini sina ugomvi nazo. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, katika chumba kilichokuwa cha watoto kabla hawajakua na kwenda zao. Sijawahi kuandikia gazeti, na hata hii nisingeiandika kama maji yasingekuwa yamenifika shingoni.

Ninalalamikia makala ya mtaalamu wenu wa ukurasa wa afya, ile iliyouliza watu hupendelea kucheza gemu kwa muda gani wakikaa mara moja. Mtaalamu aliandika kwamba wengi wakiulizwa hutaja saa moja, wakizidisha sana mbili, na kwamba mtu mzima mwenye akili timamu anapaswa kunyanyuka saa moja ikiisha, anyooshe miguu, kisha "arudi kwenye majukumu yake ya nyumbani." Ndugu Mhariri, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonivurugia nyumba.

Ili unielewe, lazima nikujulishe kwa mume wangu. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuingia dukani bila hodi, kupima mawe ya muuza sukari, vipimo vya muuza mafuta na mita ya muuza vitambaa, kisha kugonga muhuri au kufunga duka. Mtaani wanamwita Bwana Mizani mpaka leo, na wapo wauzaji ambao wakimwona anapita huondoa kidole kwenye mizani kwa mazoea tu. Mwaka jana alistaafu. Wenzake walimpigia makofi, wakampiga picha, wakamleta nyumbani kwangu. Nasema kwangu kwa sababu mchana nyumba hii ilikuwa yangu miaka yote ya ndoa yetu, na hakuna aliyeniuliza kama nina nafasi.

Mkaguzi hastaafu ukaguzi. Hubadilisha duka tu, na duka safari hii likawa jiko langu. Alipanga vikombe kwa ujazo. Aligundua kwamba kijiko changu cha chumvi hakilingani na kijiko kingine chochote duniani. Alitaka kujua kwa nini sufuria kubwa inafunikwa kwa mfuniko wa sufuria ndogo, na nilipomwambia kwamba zimezoeana, aliniangalia kama mtu anayetafuta muhuri wake mfukoni.

Hapo ndipo binti yetu wa mwisho, ambaye ni muuguzi na akimwona mtu wa kutulizwa humjua, alipotuletea mashine ya gemu. Akaiunganisha na televisheni ya sebuleni, akamwekea baba yake gemu ya kuendesha malori, akamkabidhi rimoti yake, kisha akaninong'oneza jikoni: "Mama, mwache hapo hapo. Usimwite mpaka njaa imlete yenyewe."

Ndugu Mhariri, nilipata amani ambayo sikuwa nimeionja tangu fungate. Baada ya chai mume wangu aliingia sebuleni, akafunga mlango, na sikumsikia tena mpaka chakula cha mchana. Alikula, akashukuru, akarudi. Saa nne, saa tano, mkao mmoja. Hata sauti ya gemu sikuisikia, nikajua ameipunguza kwa kuniheshimu. Nilishona sare za shule nzima ya chekechea. Nilimaliza magauni ya harusi kabla wenyewe hawajaanza kunipigia simu za vitisho. Jirani yangu msusi aliniuliza siku hizi napaka nini usoni, maana nimenawiri.

Ndipo mkachapisha makala yenu. Mume wangu huamini kilichochapishwa kama alivyoamini jiwe la kilo lenye muhuri. Aliisoma mezani, akairudia, akavua miwani.

"Mama Watoto," akaniambia, "kumbe nimekuwa nikizidisha kipimo."

Tangu siku hiyo anakaa sebuleni saa moja tu. Ananyoosha miguu kwa mujibu wa maelekezo, kisha anarudi kwenye majukumu yake ya nyumbani. Majukumu yake ya nyumbani ni mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba mtaalamu wenu aliwauliza watu wasiofaa. Aliwauliza wachezaji wanapendelea kucheza kwa muda gani. Je, aliwauliza wake zao wanapendelea wacheze kwa muda gani? Angenijia mimi ningemjibu kabla hajafungua kalamu, tena ningemwekea na kiti. Utafiti wa gemu unaomsahau anayeishi chumba cha pili ni nusu ya utafiti, na nusu hiyo ndiyo mliyoichapisha.

2. Kwamba jikoni kwangu sasa kuna vibandiko. Kilichopita ukaguzi kina kibandiko cha kijani, kilichoshindwa kina chekundu. Mkebe wa majani ya chai umeshindwa na umepandishwa juu ya kabati kusubiri rufaa. Nikitaka chai napanda stuli.

3. Kwamba amenifukuzia mteja, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu bado linaniuma. Kila fundi ana utepe wake wa kupimia. Utepe huzeeka, huvutika, na mkono wa fundi unajua mahali pa kuongeza na mahali pa kupunguza. Wangu nimeuzoea, na nguo zangu humkaa mtu vizuri. Basi mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mama mmoja mwenye haiba na mteja wangu wa tangu zamani, alikuja kupimwa sketi. Mume wangu alikuwa ametoka kumaliza saa yake moja. Aliingia na rula ya chuma, akauchukua utepe shingoni mwangu, akaulaza mezani, akautangaza kuwa umevutika. Hadi hapo ningevumilia. Lakini akapiga hesabu, na kwa nia njema kabisa, kwa sauti aliyokuwa akiitumia mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya wauzaji, akamtajia mwalimu mkuu kiuno chake kilichosahihishwa.

Yule mama alichukua mkoba wake na kitambaa chake. Akaondoka. Nasikia siku hizi anashonewa na fundi wa karibu na posta, ambaye utepe wake haujawahi kukaguliwa na mtu yeyote.

4. Kwamba ameigeuza makala yenu kuwa sheria ya mtaa. Saa ikitimia anakuja kuninyanyua kwenye cherehani ninyooshe miguu, hata kama nina zipu nusu. Nilimwambia makala ilihusu gemu. Akanijibu, "Kukaa ni kukaa." Kutoka kwangu akahamia kwa msusi. Alimkuta mteja yuko kitini tangu asubuhi, akamsimamisha na kumzungusha uani kwa afya yake, kichwa upande mmoja kimesukwa na upande wa pili nywele zimesimama wima. Msusi ameacha kuniuliza napaka nini. Siku hizi ananiuliza, "Dada, mzee wako ameamkaje?" na kabla sijamjibu anafunga mlango kwa komeo.

5. Hili nililiandika nikalifuta. Lilihusu namna ninavyomenya viazi, na nilipolisoma upya niliona kwamba yeye ndiye mwenye haki.

6. Kwamba juzi nilimfokea. Nilikuwa na gauni la bibi harusi mkononi, kitambaa cha kuteleza, kile ambacho ukikitoboa vibaya tundu halifutiki. Akaja kuniambia saa imetimia. Nikamwambia neno ambalo sijawahi kumwambia katika ndoa yetu yote. Nikamwambia, "Hivi wewe huna pa kwenda?"

Alisimama mlangoni kidogo. Akasema, "Sina." Akaenda zake sebuleni, akafunga mlango, na saa yake ya gemu haikuwa hata imefika.

Ndugu Mhariri, sikuipenda sauti yangu siku ile. Mimi na mume wangu tumelea watoto, tumeuguzana, tumezika wazazi wa pande zote mbili, na sikuwahi kumwona akisimama vile. Naogopa. Wapo wazee nawafahamu ambao wanaishi nyumba moja na wanaulizana habari kupitia kwa watoto walio mbali. Sitaki tufike huko, na naona tunaelekea. Ndiyo maana naiandika barua hii kwa hasira lakini pia kwa unyenyekevu, na ninaomba mchague moja kati ya haya:

Mchapishe sahihisho, hata dogo, chini ya matangazo ya vyumba vya kupanga, mkisema mashine ya kuchapia iliteleza na kwamba palipoandikwa "saa moja" pasomeke "saa tano."

Kama mtaalamu atagoma kuandika hivyo, basi aongeze utafiti mpya kuhusu wakaguzi wastaafu peke yao. Aeleze kwamba miili ya watu hawa imezoea zamu na kwamba wakinyanyuka kabla ya chakula cha mchana magoti huingiwa na baridi. Mume wangu huyajali sana magoti yake.

Kama na hilo litamshinda, basi mchapishe gazeti lenye sahihisho nakala moja tu, ya nyumba yetu. Sitamwonyesha mtu. Mtoto wa dada yangu aliwahi kufanya kazi kiwandani kwa wachapaji na ananihakikishia kwamba inawezekana kama nia ipo.

Na kama yote hayo hayawezekani, mtaalamu aje yeye mwenyewe akae nyumbani kwangu wiki moja. Nitamwachia cherehani, vibandiko, stuli na mume. Mimi nitakwenda kukaa kwenye meza yake na kuandika ukurasa wa afya. Nina mengi ya kuwaambia wasomaji, na hakuna hata moja litakalomnyanyua mume wa mtu kitini.

Nifikishie salamu kwa wapangaji kurasa, kwa wasahihishaji, kwa dereva anayesambaza magazeti kabla watu hawajaamka, na kwa mlinzi wa getini kwenu, ambaye nilipokuja kuuliza anwani alinielekeza kwa adabu. Msalimie pia mke wa mtaalamu, kama anaye. Nadhani yeye na mimi tungeelewana.

Ni mimi, niliyechoka bila kupunguza heshima,

Mke wa Bwana Mizani,
Fundi cherehani, nguo za kike na za watoto.

Nyongeza: Ndugu Mhariri, kabla sijaifunga bahasha niliona malalamiko yangu yanahitaji ushahidi. Mume wangu alikuwa ametoka kununua mkate. Nikaingia sebuleni, nikampigia simu binti yetu anielekeze mahali pa kubonyeza, nikaiwasha ile mashine nione lori limefika wapi katika miezi yote ile ya saa tano tano. Nilitaka nikuandikie kwamba mwanamume huyu alishavuka mabara mlipomkatisha safari.

Lori liko uani. Somo la kwanza, namna ya kuwasha injini. Halijawahi kutoka nje ya geti.

Akarudi na mkate akanikuta nimeshika rimoti. Nilimuuliza alikuwa akifanya nini humo ndani siku zote zile. Hakukasirika. Aliuweka mkate mezani, akakaa.

"Lile lori linanipa kizunguzungu," akaniambia. "Lakini mtoto alilileta kwa moyo mmoja. Na wewe ulifurahi sana nilipofunga mlango."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nasikiliza cherehani. Ikinyamaza najua umekaa na chai yako. Nilitamani kuja, nikawa naogopa kukuchosha. Gazeti liliposema saa moja inatosha, nilishukuru sana."

Mhariri, nililia mbele yake, na kwa kuwa hajui la kufanya mtu akilia, alinikatia mkate.

Kwa hiyo makala yenu iacheni kama ilivyo. Malalamiko namba moja hadi namba sita nayaondoa, na mtaalamu mpeni mkono kwa niaba yangu. Barua naituma hivi hivi kwa sababu stempu nimeshaibandika. Kiti cha mume wangu nimekihamishia chumba cha cherehani, karibu na dirisha, na nimempa kazi ya kufumua mishono, anayoifanya polepole sana na kwa haki. Nimemuuliza angependelea kukaa humu kwa muda gani kwa mkao mmoja. Amesema mpaka nitakapomchoka. Nimemwambia tuanze na saa moja.