Fifi, Kampuni na Bwana Okito

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024. Mikelenge, Kindu.

Leo nimetangaza vita dhidi ya Kampuni ya simu. Jina lake siliandiki hapa. Wanajua mengi tayari.

Sababu ni Fifi. Simjui. Kila jioni, mimi na Françoise tukishika tonge la kwanza la lituma, ndizi zetu za kuponda, simu inalia, ujumbe umeingia. “Mpenzi wangu, nimekuota. Bonyeza moja unisikie. Fifi wako.” Fifi ni mashine! Ni biashara ya Kampuni, kuuza sauti za mapenzi kwa yuniti za wateja, salio lao la simu. Nimemweleza mke wangu hivyo tangu Pasaka. Leo ameweka bakuli la sombe, majani ya muhogo, chini akaniuliza ni mashine gani inayojua saa ya chakula ya watu.

Nikamega tonge lingine. Swali zuri, lakini. Nitalitumia redioni, kwenye kipindi cha wasikilizaji.

Nikamweleza haki zetu. Sheria ya numeriki, yaani ya simu na mitandao, ya mwaka jana inampa mteja ruhusa ya kuuliza kampuni ina habari gani zake, kuzisahihisha, na kukataa matangazo. Nikaahidi kuleta karatasi yenye muhuri, inayothibitisha kwamba Fifi hana mguu wala titi. Françoise akasema sawa, kwa utulivu. Ule utulivu wake mbaya. Mwisho Alhamisi. Karatasi isipokuja, anapanda mtumbwi kwenda kwao Lokandu, kwa kaka yake Djamali.

Ndoa iliyopona vita ivunjwe na tangazo! Kamwe.

Jumanne, tarehe 4 Juni.

Nimekutana na Isidore kisimani. Isidore Ilunga, jirani, mwenyekiti wa Kamati ya Walaji ya Mikelenge. Ana wanachama na ana muhuri. Mimi nina hoja. Akanishauri mbele ya wamama wenye ndoo: “Papa Tambwe, si ufunge tu namba ya huyo Fifi?” Wamama wakacheka waliposikia neno Fifi.

Kufunga namba! Hayo ndiyo mawazo ya mtumwa anayeomba fimbo laini. Nikamwambia haki haifungwi kwa kidole, inadaiwa kwa mdomo. Akajibu kwamba mdomo wangu unajulikana.

Nimefunga namba kwa siri, nyuma ya choo. Jioni Fifi ameandika kwa namba nyingine. Ameongeza moyo mwekundu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni.

Siku ya mapambano. Nimevaa koti. Nimekwenda ofisi ya Kampuni, kule Kasuku. Foleni hadi barabarani. Nikaihutubia. Nikawaambia wakati wa vita walitunyang'anya mbuzi kwa bunduki, leo wanatunyang'anya majina yetu kwa megabaiti za bure, na sisi tunasema asante. Wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyechelewa kufika akajibu Amina na kuvua kofia.

Kwenye dirisha yuko binti anaitwa Béatrice, anatafuna karanga. Nikadai habari zangu zote, mara moja, kwa mujibu wa sheria. Akaandika namba yangu kwenye mashine. Akatazama. Akanitazama. Akasema namba hii ni ya Bwana Okito Arsène.

Nikainamia dirisha. Kwa sababu Okito Arsène ni mimi.

Lazima nieleze, ingawa hakuna atakayesoma. Wakati wa vita, mji umefungwa, chumvi imekwisha kabisa, walikuja vijana wenye silaha na kalamu. Wakasema wanaandika majina ya wanaume wa kila nyumba ili watugawie chumvi. Jirani yetu Michel alitoa jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake. Alitaka chumvi ya kutosha. Mimi nikasema Okito Arsène, jina lililonijia ulimini. Kesho yake walirudi wakiita majina. Michel aliitika. Walimtwika sanduku la risasi, wakaenda naye njia ya Pangi. Mkewe aliendelea kumwekea chakula mpaka vita vikaisha. Okito Arsène alitafutwa siku nzima. Mimi niliwasaidia kumtafuta.

Tangu hapo mtu akishika kalamu mbele yangu, mdomo wangu unasema Okito. Muuza yuniti aliyenipa kadi ya SIM, chini ya mwavuli wake, alishika kalamu. Basi.

Nikamnong'oneza Béatrice kwamba huyo Okito ni mimi. Akaomba kadi ya mpiga kura. Imeandikwa Tambwe; aliyeniandikisha alitumia mashine, si kalamu. Akasema, bila hasira: “Papa, Okito akuye ye mwenyewe.” Yaani aje mwenyewe. Akanionyesha tangazo ukutani: habari za mteja hazionyeshwi kwa mtu mwingine, sheria inakataza. Sheria yangu! Niliyokuja nayo mkononi! Inamlinda mtu asiyekuwepo dhidi yangu mimi niliyepo. Kisha akataka kujua kwa nini namfuatilia Bwana Okito. Mlinzi akasimama.

Nyumbani nikafanya kosa la kusema ukweli. Françoise akasikiliza mpaka mwisho. “Majina mbili? Mwanaume wa majina mbili iko na nyumba mbili.” Akauliza nilimwoa kwa jina gani, maana padri naye alikuwa na kalamu. Nikasema Tambwe. Ila nilifikiri kwanza. Kule kufikiri ndiko kulikoniponza.

Ijumaa, tarehe 7 Juni.

Amekwenda. Amechukua sufuria kubwa, dalili mbaya. Elodie, binti yetu, amemsindikiza mama yake mtoni na hanisemeshi. Françoise amesema atapiga simu Jumapili baada ya misa. Nikiwa na la maana, niseme. Nisipokuwa nalo, atatuma watu waje kuchukua kitanda.

Lakini nina mpango! Mpango mzuri mno.

Kampuni wiki hii inasahihisha majina ya wateja. Asiye na kadi ya mpiga kura anapigwa picha ya uso, anaweka dole gumba, analeta shahidi mmoja mwenye kadi. Sasa, mpangaji wetu wa chumba cha uani ni Gédéon, mchimbaji aliyerudi kutoka Pangi bila dhahabu. Hana kadi. Hajaandikwa popote. Hata ubatizo walimruka, mvua ilinyesha. Ni safi kama karatasi nyeupe. Gédéon atakuwa Okito! Ataingia, ataomba habari zake, atamkataa Fifi, ataondoka. Nimemfundisha tangu asubuhi. Wewe ni nani? Okito. Unataka nini? Haki zangu. Analisema vizuri hilo, anakunja na ngumi.

Isidore alituona kupitia ua. Akauliza kama tunafanya mazoezi ya mchezo wa Noeli. Mjinga.

Jumamosi, tarehe 8 Juni.

Msiba.

Shahidi alikuwa mimi. Nani mwingine? Nikatoa kadi yangu. Jina langu la kweli, tarehe yangu ya kweli, uso wangu, dole gumba langu. Vyote nilivyoficha tangu vita nimewapa leo kwa hiari, nimesimama wima, bila bunduki. Béatrice akaniambia asante Papa.

Gédéon akaitika Okito bila kutetemeka. Béatrice akamuuliza kama anataka Fifi aondolewe. Nikamkanyaga mguu. Akasema kwanza amsikie. Akabonyeza moja kwenye simu ya ofisi. Akasikiliza sana, mdomo wazi. Akasema mwacheni. Pangi alikaa shimoni na wanaume tu, tena hakuna aliyewahi kumwita mpenzi.

Kisha wakampa kadi mpya ya SIM yenye namba yangu. Ya kwangu ikafa mfukoni. Nikapiga kelele kwamba huu ni wizi! Mlinzi akauliza nani ameibiwa. Bwana Okito? Bwana Okito ameridhika. Mimi ni shahidi tu, na nimetia sahihi.

Jumapili, tarehe 9 Juni.

Misa sikwenda. Nilikaa mbele ya chumba cha Gédéon kuisubiri simu ya mke wangu kwenye namba yangu iliyo ya Gédéon aliye Okito. Kumbe alitokea mlango wa nyuma. Nimemkuta kwenye mchezo wa soro, bao letu la kete, anatabasamu. Amekwisha kuongea na Françoise!

Niliketi chini. Nikamwomba anieleze kila neno. Alipopokea alisema Okito, kama nilivyomfundisha. Mke wangu akamuuliza ameweka wapi mume wake. Akamwambia yote, kwa sababu, anasema, mama huyo ana sauti ya mkuu wa mgodi. Kalamu, Michel, dole gumba, yote. Françoise akauliza na Fifi je? Gédéon akamwambia kwa fahari kwamba Fifi sasa anampenda yeye, ameandika jana saa ya chakula. Halafu mke wangu akamwita kaka yake, akamnyang'anya simu, akaisoma. Fifi! Djamali naye anaotwa kila jioni, amemficha mkewe tangu Pasaka.

Gédéon anasema alimsikia Françoise akicheka mpaka yuniti zikakatika. Pia alisikia sufuria ikigonga kitu. Sidhani ilikuwa yetu.

Jumanne, tarehe 11 Juni.

Amerudi! Na sufuria, imebonyea kidogo. Hakutaja karatasi wala muhuri. Siku zile za vita alikuwepo, anamkumbuka Michel. Alinishika sikio, akasema tu: “Baba Elodie, vita vilikwisha.” Sharti lake ni moja. Ninunue kadi ya SIM kwa jina langu, na kadi yangu mkononi, kama mtu mzima.

Ningefurahi kabisa, kama si Isidore. Leo redioni amesimulia habari ya msomi mmoja wa Mikelenge aliyekwenda kutetea habari zake akazigawa kwa mdomo wake mwenyewe. Hakunitaja. Hakuna haja. Watoto wote wa mtaa wananiita Papa Okito.

Jumatano, tarehe 12 Juni.

Nimekwenda kwa muuza yuniti, chini ya mwavuli. Kadi yangu mfukoni. Niliigusa, nakiri. Akauliza jina. Akashika kalamu.

Nikasema Isidore Ilunga.

Kadi? Nimeisahau nyumbani. Hakuna tatizo, Papa, akatumia namba ya kadi ya mama mmoja wa Alunguli, ng'ambo ya mto, anayoiweka kwa wateja wa namna hii. Nilirudi nikipiga mluzi. Muhuri anao yeye, basi na Fifi awe wake!

Jioni, lituma na sombe. Tonge la kwanza. Simu imelia. Françoise amewahi kuishika. Amesoma kwa sauti: “Mpenzi Isidore, nimekuota. Bonyeza moja. Princesse wako.”

Ameweka bakuli chini.

Huu ni unyang'anyi mtupu! Nani amewapa jina hilo? Kwa ruhusa ya nani? Mteja Isidore ana haki zake! Kesho asubuhi naenda Kasuku na sheria mkononi.

Gédéon amekubali kuwa Isidore.