Kivuli Kimevuka Mpaka kwa Futi Kumi na Nane

Bi. Darlene Hoersten,
Afisa wa Udongo na Maji,
Ofisi ya Wilaya, Ohio.

Ndugu Afisa,

YAH: OMBI LA KUNG'OLEWA KWA MTI WA MWALONI WA KINAMASI

Natumaini u mzima na mvua za Aprili hazijakuzamisha. Mimi ni Lambert Niekamp, fundi wa kufukia mabomba ya kukausha mashamba yanayotuama maji kwa miaka thelathini na mmoja. Nilianza na sepeto moja, tena ya kuazima. Naomba ofisi yako ije iung'oe mwaloni ulio konani mwa shamba langu. Sababu ni hizi:

1. Hesabu. Miaka ishirini na miwili iliyopita, kwenye mauzo yenu ya miche ya masika, nilitaka mti mmoja tu wa kivuli. Kila mtu wa huku anajua kwamba udongo wetu wa mfinyanzi ukishiba maji, nusu ya miche huoza mizizi, robo huliwa na kulungu, na inayobaki mwenye nyumba huifyeka kwa mashine ya kukatia nyasi. Kwa hiyo nikaagiza fungu la miche ishirini na mitano ya mwaloni, nikaipanda karibukaribu kama maharage. Ikapona ishirini na minne. Ule mmoja niliufyeka mwenyewe. Hamkunionya.

2. Kazi. Nikabaki na mmoja, ishirini na mitatu nikawagawia majirani wenye nyua zinazotuama maji. Sasa nikuulize, mwenye ua unaotuama maji ni nani kama si mteja wangu? Mmoja wao, Bi. Fern Ruhlman, nilikuwa nimeshampimia futi mia sita za mabomba. Akautazama mti wake, umesimama majini hadi kifundoni na bado unanawiri, akaniambia basi hata yeye ataloa tu, mradi aloe kivulini. Kona yangu mwenyewe nimeilazia mabomba mara tatu, na mara tatu imenishinda. Mwaloni umeishi humohumo bila kuchimba hata mtaro. Wateja wanapita barabarani wanaona.

3. Uadui. Hili ndilo linaloniuma. Jirani yangu Virgil Unterbrink na mimi hatukusemezana miaka kumi na mmoja, tangu bomba langu limwage maji kwenye soya yake. Ulikuwa uadui mzuri, hauhitaji matengenezo. Kiangazi kilichopita kivuli kikavuka mpaka kwa futi kumi na nane (nimepima), naye akaweka kiti chake humo. Nikaenda kumwarifu kwamba kivuli ni changu. Upepo ukayageuza majani, ukaonekana weupe wa chini yake. Akaangalia juu, akasema, "Kaa basi ukilinde, mzee."

Nikakaa. Tangu hapo nakilinda kila siku baada ya chakula cha mchana, karata mkononi, na mke wangu Rosalie anatuletea pai. Virgil ameshinda michezo mia na arobaini na miwili, mimi mia na thelathini na tisa. Kwa kasi hii, baada ya miaka tisa kivuli kitafika barazani kwake, nami nitalazimika kula Krismasi kwake.

Tafadhali njooni na msumeno upesi. Nisalimie mumeo, wote wa ofisini, na yule mama wa dirisha la miche.

Wako mwenye kudhulumiwa na mti,
Lambert Niekamp

N.B. Msije kabla ya Oktoba. Virgil anapasuliwa nyonga Jumanne, na nimeshalaza mbao kutoka mlangoni kwake hadi kitini, magongo yasizame. Tena niandikie fungu jingine la miche ya aina ileile, ya kupanda upande wa Virgil. Safari hii nataka ipone yote ishirini na mitano.