Glovu za Leba

Jumatatu, 7 Machi 1994
Mvua tangu asubuhi. Mganga Mfawidhi katuita stoo, mimi mtunza stoo na msaidizi wangu Polikarp. Kasema glovu za leba zimekwisha kazi. Zimefuliwa, zimeanikwa kambani, zimepulizwa kutafuta matundu, mpaka zina viraka. Kutoka juu haziletwi. Siku hizi soko huria, tujinunulie wenyewe. Kila mmoja alete zinazofaa. Atakayechagua vizuri ndiye mkuu wa ugavi. Cheo changu hicho! Polikarp kakimbilia wodini kuwauliza manesi. Kuuliza! Mtu mzima!

Jumanne, 8 Machi
Mke wangu Walburga ni mkunga wa leba hiyohiyo. Vidole vimempasuka kwa maji ya klorini. Wakati wa kula kaanza: Baba Saimon, kuhusu hizo glovu... Nikamwambia apakue ugali, mambo ya ugavi aniachie. Anaogopa, nami namwogopea kuliko anavyojua. Wajawazito wengine wanaingia wamekonda, ugonjwa kila mtu anaujua na hakuna anayeutaja. Ndiyo maana nataka kitu kinene.

Jumatano, 9 Machi
Nimekwenda hadi Namtumbo! Chama cha ushirika cha huko kimekufa, stoo yao inauza glovu za kupulizia dawa tumbaku. Mpira mnene, zinafika kiwikoni, kisu hakipenyi (nimejaribu). Saizi moja tu, ya mwanamume wa jembe. Nimebeba gunia zima. Nimerudi nimelowa, lakini mshindi.

Alhamisi, 10 Machi
Polikarp kaleta vitu vyembamba, eti manesi wamejaribu na kuchagua wenyewe, kila mtu na saizi yake. Nikachomoa kisu mbele ya Mganga. Zake zikachanika, zangu wapi! Mganga alikuwa na haraka ya kikao, kakubali. Polikarp kanuna. Nimenunua nyama.

Ijumaa, 11 Machi
Sijui niandikeje. Walburga alivaa glovu zangu. Mtoto alikuja vibaya, kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Ndani ya mpira ule vidole havikuhisi kitu. Akazivua. Akazalisha kwa mikono mitupu, na nyufa zake zote. Mtoto mzima, analia vizuri. Mama yake ni mmoja wa wale waliokonda. Sasa mke wangu anasubiri vipimo, na vingine tena baada ya miezi. Hakunigombeza. Kasema tu kwamba tunalala kitanda kimoja, ningemuuliza. Nimekwenda nyuma ya stoo nikalia.

Jumapili, 13 Machi
Polikarp ndiye mkuu wa ugavi. Jozi moja ya glovu zangu kapewa msafisha vyoo, anazisifu sana. Misa nzima padri anahubiri, mimi natafakari. Nimeligundua kosa: saizi! Nilivyorudi Walburga alikuwa amelala, kaupa ukuta uso, mkono una bandeji juu ya zile nyufa. Macho yamevimba. Nikachukua uzi nikampima kiganja, polepole, asijue. Kumwamsha nimuulize ni kumsumbua bure. Uzi umezunguka bandeji vizuri kabisa. Gunia bado lipo stoo. Kesho nampelekea fundi viatu pale Bombambili azikate zote saizi hii, kisha azishone kwa ile sindano yake kubwa. Mke wangu atafurahi.