Kinga ya Waifai ya Mama Joyness

Ukuta wa Mama Joyness pale Iyunga ulikuwa ukuta wa kawaida kabisa, wa tofali za kuchoma zisizopigwa plasta, lakini kila ikifika saa kumi jioni watu waliuegemea kana kwamba bila wao ungeanguka. Didas Mgaya aliuona akiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Wale wanangoja nini?" akauliza.

"Hawangoji kitu," akajibu Ambokile, kinyozi mwenyewe, akipuliza nywele kwenye mashine. "Wanakula net. Waifai ya yule mama wa humo ndani. Pasiwedi ni jina la binti yake na mwaka aliozaliwa. Fundi wa tivii aliitoa, ikaenea mtaa mzima. Hata huu muziki unaosikiliza ni wa kwake."

"Na mwenyewe anajua?"

"Ajue? Yule ukimwomba chumvi anakuuliza ya mwezi uliopita uliipeleka wapi. Angejua, angeshajenga ukuta wa pili."

Didas akanyamaza. Wanaomfahamu wanajua kwamba Didas akinyamaza, kuna mtu mahali fulani inafaa ashike mfuko wake. Mzaliwa huyu wa Kihesa, Iringa, miaka thelathini na kitu, alikuwa amepita Madibira akiwa afisa wa mbolea bila kuajiriwa na mtu yeyote. Kisha akaenda Chunya, akawauzia wachimbaji kifaa cha kunusa dhahabu ambacho ndani yake kulikuwa na redio ya gari. Kifaa kililia vizuri sana, hasa saa ya taarifa ya habari. Ndiyo maana sasa alikuwa Mbeya mjini, mji wenye watu wengi kiasi cha mtu kutosalimiwa kwa jina.

Asubuhi iliyofuata alibisha geti la Mama Joyness akiwa na shati jeupe na kitambulisho shingoni alichojitengenezea stationery ya karibu na stendi. Kilisomeka: MTAALAMU WA ULINZI WA MITANDAO YA NYUMBANI. Picha ilikuwa yake. Mengine yote yalikuwa matumaini.

"Kamwene," akasalimia, maana kinyozi alishamwambia kwamba mama ni Mhehe.

Uso wa mama ukalegea kidogo. "Kamwene. Wewe ni wa kwetu?"

"Kihesa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, unauza nini?"

"Siuzi, mama. Ninaokoa." Akashusha sauti. "Unaibiwa. Hivi tunavyoongea, unaibiwa."

Mama Joyness, ambaye kwa kadi ya kliniki na ya kanisa aliitwa Veneranda Kalinga, alikuwa mjane na karani mstaafu wa mahakama. Intaneti aliiweka kwa sababu moja tu: kuongea na bintiye aliyekuwa anasoma chuo Iringa, huku wakionana nyuso. Lakini kwa miezi miwili uso wa Joyness ulikuwa unaganda mdomo ukiwa wazi, na mama alianza kudhani mtoto hali chakula vizuri.

Didas akamkalisha kwenye kochi, akaomba simu yake, akafungua ukurasa wa ruta, kile kiboksi kinachotoa waifai. Pasiwedi ya kuingilia humo ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani, imebandikwa chini ya ruta kwa yeyote mwenye macho. Ikatokea orodha ya simu zote zilizokuwa ndani ya mtandao. Zilikuwa kumi na tisa.

"Soma mwenyewe, mama."

Mama akavaa miwani. "Ambokile Classic. Huyo si kinyozi? Bupe Mrembo. Katekista Sosthenes..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Katekista! Na Jumapili anatusomea amri ya saba, usiibe!"

"Mtandao hauna dini, mama."

"Na huyu Usiniguse ni nani?"

"Huyo ndiye anayekula kuliko wote."

Kwa haki yake, lazima isemwe kwamba siku ile Didas alifanya kazi safi. Alibadilisha pasiwedi ya waifai, akaweka ndefu isiyo na jina la mtoto wala mwaka. Alibadilisha na ile ya ruta, na kile kitufe cha kuunganisha simu bila pasiwedi akakizima, mama akiwa pembeni anaandika kitu kwenye daftari. Orodha ikabaki na simu moja. Mama akampigia Joyness pale pale, na uso wa binti ukaja ukicheka, mdomo ukifunga na kufungua kama wa mtu aliyeshiba. Mama akalipa bila kubishana, jambo ambalo mtaa mzima ungelikataa kwa kiapo.

Didas akatoka akiwa hana raha. Ilikuwa kazi ya kwanza ya halali aliyoifanya tangu aache shule, na ilimkaa vibaya kama kiatu cha mtu mwingine.

Nafuu ilimsubiri ukutani. Watu walikuwa wamesimama pale wakiinua simu juu, wakizigeuza, wakizizima na kuziwasha.

"Net imekufa," Ambokile akasema kwa sauti ya msibani.

"Haijafa," Didas akasema. "Imehamia kwa msimamizi. Msimamizi ni mimi."

Wakasikilizana upesi. Kila mtu angelipa kidogo kila mwezi, mwezi ukianza, na Didas angeingiza pasiwedi kwenye simu zao kwa mkono wake mwenyewe. "Na atakayempa mwenzake," akaonya, "mtambo unajua, na simu inaungua betri." Hakuna aliyetaka kujaribu. Katekista alikuwa wa kwanza kulipa, na aliomba jina la simu yake libadilishwe kuwa Mgeni.

Wiki ya pili wanafunzi wa hosteli iliyo ng'ambo ya barabara kuu wakapata habari. Walikuwa wengi, wenye njaa ya intaneti isiyo na mwisho, ila mawimbi hayakuwafikia. Didas akalala na wazo hilo, akaamka nalo. Alitoa akiba yake yote, ile iliyosalimika Chunya, akanunua kirusha mawimbi cha mtumba, cheupe, chenye umbo la sahani, na siku hiyo hiyo akawa getini kwa mama.

"Mama, wezi wameongezeka. Hii ni kinga. Inakaa juu ya bati, inawasukuma mbali."

"Inawasukuma kwa kitu gani?"

"Kwa mawimbi."

"Bei gani?"

"Bure. Ofisi yetu imekuchagua kuwa mteja wa mfano."

Mama akakitazama kile kisahani kwa muda. "Kinakula umeme?"

"Kidogo sana."

"Basi umeme wake utanunua wewe. Mimi sikuomba kuwa mfano."

Didas akakubali. Siku chache baadaye mama akalalamika kwamba tangu kinga iwekwe, Joyness ameanza kuganda tena. Didas, aliyekuwa tayari na hosteli nzima juu ya mtandao ule, akaeleza kwamba kinga inahitaji kifurushi kikubwa zaidi ili isukume vizuri. Mama akasema yeye ni mstaafu. Didas akalipia kifurushi kikubwa mwenyewe. Alipiga hesabu kichwani na hesabu ikamchekea. Alikuwa na wateja arobaini na mmoja, kwenye mtandao wa mtu, juu ya bati la mtu, na mwenye bati alikuwa anamkaribisha chai.

"Kitu kimoja tu, mwanangu," mama akasema siku hiyo, akimsogezea karatasi pamoja na kikombe. "Nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja. Kitu kikiingia kwangu lazima kiwe na maandishi, nisije nikaambiwa nimeiba."

Karatasi ilisema kwamba yeye, Didas Mgaya, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu, amempa Bi Veneranda Kalinga kifaa kimoja cha kinga pamoja na waya zake, kiwe mali yake, kisidaiwe wala kurudishwa. Didas akatia sahihi kwa mbwembwe, na mkia wa herufi ya mwisho akauzungusha mara mbili. Moyoni alimwonea huruma. Vizee wanapenda karatasi.

Tarehe moja ya mwezi alikusanya michango yote, hosteli na mtaa. Tarehe mbili, Jumamosi, asubuhi ya saa mbili, waifai ikakatika.

Alikuwa bado anapiga mswaki Ambokile alipofika na watu sita nyuma yake.

"Msimamizi," kinyozi akasema, "simamia."

"Ni hitilafu ndogo."

"Wanafunzi wako njiani wanakuja. Nimewaona wakivuka barabara. Hawana uso wa hitilafu ndogo."

Didas akapitia uchochoroni, akatokea kwa mama akihema. Alimkuta barazani, miwani puani na simu mkononi, ametulia kama mtu aliyemaliza sala.

"Shikamoo mama. Mtandao una shida, naomba simu nirekebishe."

"Marahaba. Hauna shida. Nimebadilisha pasiwedi."

"Umebadilisha... nani alikufundisha?"

"Si wewe? Siku ile ya kwanza ulifungua ukurasa mbele yangu. Nikauandika kwenye daftari, pasiwedi na yote. Ulidhani nilikuwa naandika nini, mapishi?" Akamgeuzia simu. "Kila asubuhi baada ya rozari nilikuwa naufungua. Nikaona wezi kumi na wawili. Nikaona kumi na wanane. Ulipoleta kinga wakafika arobaini na mmoja. Nikamwuliza Joyness, hii kinga gani inayoita wezi? Akacheka mpaka akadondosha simu."

Didas akafuta povu la mswaki mdomoni. "Mama, naweza kueleza."

"Najua unaweza. Ndiyo maana sijakuuliza." Akafungua faili la bluu. "Juzi nimeenda ofisini kwa watu wa intaneti, nimeomba kuuza kwa majirani kihalali, wakaniandikisha. Kifurushi kikubwa kipo tayari, nasikia kuna mtu alikilipia. Sasa tatizo limebaki moja. Hawa watu wamekulipa wewe mwezi mzima."

Nje kelele zilikuwa zimefika getini. Mtu alikuwa analiita jina la Didas, na hakuliita kwa upendo.

"Ukinipa hela yao," mama akasema, "nitawahudumia mpaka mwezi uishe, na nitawaambia ulikuwa wakala wangu. Ukikataa, nafungua geti nirudi ndani."

Didas akawaza polisi. Aliliwaza neno hilo mpaka mwisho: afande, nimeibiwa mtandao niliouiba. Akatoa bahasha mfukoni. Mama akahesabu, akamwandikia risiti.

"Basi nirudishie kisahani changu," Didas akasema kwa sauti ndogo. "Nilikinunua kwa akiba yote niliyokuwa nayo."

Mama akatoa ile karatasi, akamwonyesha sahihi yenye mkia wa kuzunguka mara mbili. Didas akaisoma yote, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa vizuri mno. Hata yeye, mtu wa kazi hiyo, alimvulia kofia mwandishi.

Mama akaenda kufungua geti, akawatangazia kwamba mtandao unarudi, na kwamba huyu kijana alikuwa akimkusanyia hela. Watu wakatulia. Katekista akasema alijua tangu mwanzo kwamba jambo hili ni halali. Pasiwedi mpya zikagawiwa, kila mtu na yake, kwa majina na sahihi. Mtaa ukaunganika, lakini wanafunzi waliporudi hosteli wakakuta kule bado ni giza. Upepo wa usiku ulikuwa umekigeuza kisahani kikaelekea mlimani, ambako hakuna mteja.

"Didas," mama akaita, "unaogopa kupanda?"

Ngazi ikaletwa. Didas akapanda na shati lake jeupe, bati likimlia chini ya miguu. Kutoka juu aliiona Iyunga yote, malori yakipanda barabara kuu kuelekea Tunduma, na watu arobaini na mmoja, wengine chini yake na wengine ng'ambo ya barabara mbele ya hosteli, wamenyanyua simu na nyuso.

"Kushoto kidogo!" Ambokile akapiga kelele.

"Kulia!" wakapinga wanafunzi.

"Hapo! Hapo hapo! Usiguse tena!"

Wakashangilia. Ilimchukua muda kuelewa kwamba wanamshangilia yeye, na kwamba hakuna aliyekuwa anamkimbiza.

Aliposhuka, mama akamlipa ujira wa kupanda bati, akamwambia upepo wa Mbeya hauna adabu na huenda akamhitaji tena wiki ijayo. Watu wakatawanyika, kila mmoja na simu yake. Didas akabaki amesimama getini, vumbi la bati kiganjani na ujira wake ndani ya vumbi hilo. Hakuwa na mtu wa kumdanganya siku nzima, na ilikuwa ndiyo kwanza saa nne asubuhi.