Maoni Saba Kuhusu Jitu la Barafu

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema ajabu! Watengenezaji wa mchezo wetu wametangaza kwamba wanapokea maoni ya wachezaji wote, na kura za kuyaunga mkono, hadi Jumatano. Ijumaa watatoa toleo jipya kwa kufuata maoni hayo. Nimelisoma tangazo chini ya meza ya masjala, jalada la likizo likiwa wazi mbele yangu kama vile nalishughulikia. Kwa ukarani mimi sijambo.

Mchezo wenyewe ni wa bure. Watatu dhidi ya watatu, wahusika wote wa katuni za Kijapani, macho makubwa kama visahani na nywele zimesimama wima. Kapteni wa timu yetu ni Mama Mkwe, muuguzi mstaafu. Anamchezesha Binti Radi na hana huruma. Mke wangu anamchezesha mponyaji. Mimi namchezesha Mzee Moshi, anayepotelea kwenye moshi na kuibuka nyuma ya adui. Wangu huibuka katikati yao.

Jumamosi kuna mashindano ya mtaa. Na kuna Fundi Friji. Wiki jana alikuja kwa Mama Mkwe kutengeneza friji, akaonyeshwa mchezo, friji ikapona na yeye hakuondoka. Ana Jitu la Barafu, linagandisha watu watatu kwa mpigo. Mama Mkwe ameniambia kwa upole kwamba Jumamosi ningefaa zaidi kubeba maji.

Maji! Mimi niliyempakulia mchezo kwenye simu yake! Imeniuma, sifichi. Lakini mpango ninao: Jitu lipunguzwe nguvu, Mzee Moshi aongezewe.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika maoni saba kwa majina saba. Mpenda Haki. Mchezaji Mkongwe. Mama wa Watoto Wanne. Na wengine. Kila mmoja nimempa tabia yake. Mmoja ana hasira, mwingine anakaribia kulia. Hoja ni ileile: Jitu linaonea watu, Mzee Moshi anaonewa.

Nimesoma na maoni ya wengine. Mmoja katoa nyota moja kwa sababu simu inapata moto mpaka anaichezea dirishani. Mwingine katoa nyota tano, hajaelewa kitu, lakini nywele zimempendeza. Watu wanachezea nafasi.

Mke wangu kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikasema kazi za ofisi. Kasema kazi za ofisi hazijawahi kunichekesha.

Jumatano, 5 Machi

Mama Mkwe kaja kututembelea. Kavaa miwani, katusomea maoni ya wachezaji kwa sauti. Kamsifu Mpenda Haki kwamba hoja yake ina mashiko. Nilifurahi hadi nikasahau kumkaribisha chai.

Kisha kasema kinachomshangaza ni adabu ya wachezaji hawa. Saba kati yao wanaanza na maneno yaleyale: "Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu." Mke wangu kaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Miaka kumi na moja ya kujibu barua, mkono unaandika wenyewe.

Mama Mkwe kaenda uani kupiga simu. Nimepona!

Ijumaa, 7 Machi

Wamenisikiliza! Toleo jipya limetoka saa tatu. Jitu la Barafu sasa linagandisha mtu mmoja tu, tena baada ya sekunde sita. Mzee Moshi kaongezewa: moshi unafunika nusu ya uwanja, na akiwa ndani yake anapona majeraha. Watengenezaji wamewashukuru wachezaji "kwa maoni yaliyoandikwa kwa utaratibu." Huyo ni mimi! Nimezunguka makabati ya masjala mara mbili. Mkuu wangu kauliza kama naumwa. Nikamwambia sijawahi kuwa mzima hivi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika ukumbini wa kwanza. Mama Mkwe kasema kabla ya kupanga timu atatujaribu, mimi na Fundi Friji.

Fundi Friji kakaa, kafungua simu, kamchagua Mzee Moshi.

Nikasema Mzee Moshi ni wangu. Mama Mkwe akanijibu kwamba katika mchezo hakuna wa mtu, baba, mhusika mmoja hachezwi na wawili, wewe chukua hilo Jitu tuone. Nikalichukua. Nikanyanyua mkono wa barafu, nikahesabu sekunde sita. Nilipofika ya nne Fundi Friji alikuwa ameshatoka kwenye moshi, amenipiga na kurudi kupona.

Nimebeba maji. Chupa kumi na mbili. Wameshinda mashindano, na ukumbi mzima umempigia makofi Mzee Moshi.

Tulipokuwa tukirudi Mama Mkwe kanishika bega. Kasema Jumatano aliwatambua wote saba, akawapigia kura wote maana hoja zilikuwa nzuri, kisha akampigia simu Fundi Friji aanze kumfanyia mazoezi Mzee Moshi siku hiyohiyo. Kasema bila mimi wasingeshinda. Halafu kaniomba nimsalimie Mama wa Watoto Wanne.

Nimeona aibu hadi masikio yakawaka.

Jumapili, 9 Machi

Nimekaa, nimetafakari, nimejirudi. Kosa langu nimeliona waziwazi na nalikiri hapa kwa mkono wangu.

Saba walikuwa wachache.

Tangu asubuhi nimeandika maoni kumi na manne kulitetea Jitu la Barafu, ambalo limeonewa mchana kweupe. Mashindano mengine ni mwezi ujao, na hilo Jitu mimi ndiye ninayelijua. Safari hii Mama Mkwe hatagundua kitu. Ile "tafadhali rejea" nimeifuta kabisa. Wote kumi na wanne wanaanza na "Kichwa cha habari hapo juu chahusika."