Mguu wa Unyoya na Tangi Moja la Dizeli

Hananto hakumsalimia mtu. Aliingia kibandani kwa Bu Tinem, mama lishe, mkabala na stendi ya mabasi ya Wonogiri, ameinua simu juu kama karani aliyebeba hukumu ya mahakama kuu.

"Jamani, tumekwisha! Toleo jipya la mchezo wa mabasi limetoka. Kuanzia leo mafuta yanatumika kama kwenye maisha ya kweli."

"Yaani?" aliuliza Bu Tinem, akigeuza vipande vya tempe ya soya kwenye karai.

"Yaani ukipanda mlima, basi linakunywa. Ukikanyaga kwa pupa, linakunywa. Ukisimama injini inanguruma, linakunywa vilevile. Zamani tangi moja ulizunguka Java nzima ukarudi na akiba."

Pak Jumeri alishusha gazeti. Bwana huyu aligombea uongozi wa kijiji mara tatu, akashindwa mara tatu kwa heshima zote, ndiyo maana kijiwe kikamtunuku cheo cha Mheshimiwa Mtarajiwa.

"Si nilisema?" alifoka. "Walipandisha mafuta barabarani, tukanyamaza. Sasa wametufuata mpaka kwenye simu! Siku nikichaguliwa, jambo la kwanza..."

"Mheshimiwa, kunywa kahawa, inapoa," alisema Bu Tinem.

Kwenye benchi la pembeni Pak Sukirdi alitabasamu peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu astaafu, habari ya kwenye simu ilimhusu. Alikuwa dereva wa basi la Jakarta tangu enzi ambazo barabara ya kulipia ilikuwa bado ndoto ya mchora ramani, na alisifika kwa kugusa mafuta kwa upole hata wenzake wakamwita Mguu wa Unyoya. Ilisemekana aliweza kufika Jakarta kwa dizeli ya kujaza kibatari. Aliyesema hivyo, mara nyingi, alikuwa yeye mwenyewe.

"Sasa watajulikana wanaume," alisema. "Mlizoea vya bure. Haya, endesheni!"

"Pakde, usituletee kamba asubuhi," Hananto alimjibu, akimwita baba mkubwa kwa Kijava, kwa heshima iliyoishia mdomoni. Alikuwa fundi wa simu wa jirani, jina lake la kijiweni Profesa Betri, kwa kuwa kwa kila ugonjwa wa simu aliilaumu betri. "Zile hadithi zako za kibatari tulikubali kwa sababu hakuna aliyekuwepo. Sasa kuna kipimo."

"Kipimo nilikuwa mimi."

"Basi pimwa! Wonogiri mpaka Jakarta, tangi moja, hapa hapa, mbele ya mashahidi."

"Mtoto huyu ana kiherehere," Pak Sukirdi alimwambia Bu Tinem. "Mimi nimeendesha basi lenye watu. Nikae nichezee basi la kwenye kiganja?"

"Ukiogopa sema, Pakde. Ila lile jina nalifuta."

Mheshimiwa akakunja gazeti. Hata karai lilionekana kupunguza kelele.

Jina lenyewe halikuwa mchezo. Hananto ndiye aliyechora basi la kijiwe ndani ya mchezo ule: jekundu, mistari ya dhahabu, na kwenye kioo cha mbele, kama mabasi yote ya Wonogiri yanavyobeba majina yao, maandishi makubwa: MGUU WA UNYOYA. Vijana wa wilaya nzima walilichukua wakaliendesha. Mjukuu wa Pak Sukirdi, huko Surabaya, aliliendesha kila akitoka shule na kuwatangazia wenzake, "Hili la babu yangu." Mzee hakuwahi kumwambia mtu kwamba baada ya kustaafu, ni kile kioo tu kilichokuwa bado kinamwita dereva.

"Ulifute uandike nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mguu wa Tembo."

Mheshimiwa Mtarajiwa alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Pak Sukirdi alivua kofia, akaiweka juu ya benchi, akanyoosha mkono.

"Lete hilo basi."

Simu ilisimamishwa mbele yake, imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Hananto alimwonyesha kidude cha kukanyagia mafuta, cha breki na cha kiyoyozi. Pak Sukirdi alisikiliza nusu, kisha akarekebisha mkao na kugeuza kichwa kutazama kioo cha pembeni. Akakiona kichwa cha Mheshimiwa.

"Toa kichwa, sioni nyuma."

"Pakde, vioo viko ndani ya simu."

"Kichwa chake kiko nje ya simu, na bado kinanizuia."

Basi likaondoka. Nani angeamini? Mzee alilitoa stendi kama mama anayetoa mkono chini ya kichwa cha mtoto aliyelala. Kwenye kila kona aliinama na benchi likainama naye. Kila alipobadili gia mguu wake wa kushoto ulitafuta klachi chini ya meza, na kila ulipoitafuta uliipata, bahati mbaya ikiwa kwenye vidole vya Hananto.

"Aaa! Pakde! Hili halina klachi!"

"Basi toa mguu wako kwenye klachi yangu."

Mji wa Solo wakaupita. Wakaingia barabara ya kulipia, wakapanda kuelekea Salatiga, na kwenye mteremko mzee aliondoa kidole kabisa, akaliachia basi litiririke lenyewe huku akipuliza kahawa yake.

"Tazama mshale wa mafuta," alinong'ona Mheshimiwa. "Haujatikisika! Huyu anaendesha kwa dua."

"Ninaendesha kwa mteremko. Dizeli ya bure aliyoiweka Mungu. Nyinyi mnakanyaga hata mkitelemka, kama mnafukuzwa na mkwe."

"Bado mapema," alisema Hananto, lakini uso ulianza kumpauka. "Ngoma ikivuma sana..."

"Haitapasuka. Nimeiwamba mwenyewe."

Walipoivuka Semarang tangi lilikuwa halijashuka kufika nusu, na wapita njia watatu walikuwa wameacha shughuli zao kuja kushangaa. Karibu na Gringsing, Pak Sukirdi aliwasha taa ya kuchepuka, akaingia taratibu kwenye uwanja wa hoteli ambako mabasi ya Jakarta husimama abiria wale. Akavuta breki ya mkono. Akaiacha simu, akageukia meza ya pili.

"Bu Tinem, niletee wali na mboga na tempe mbili. Abiria wanakula. Na dereva naye ale."

Hananto alitupa jicho kwenye simu. Basi lilikuwa limesimama, injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza. Alifungua mdomo, akaufunga. Baadaye aliapa kwamba alinyamaza kwa heshima ya mtu anayekula. Heshima hiyo haikuwahi kuonekana kwake kabla ya siku ile, wala baada yake.

Pak Sukirdi alikula kidereva: taratibu, mgongo ukutani, macho nje. Alimaliza, akaagiza chai. Akasimulia jinsi abiria mmoja wa zamani alivyopanda na mbuzi aliyevalishwa koti la mvua. Akakata tempe ya tatu.

Bu Tinem ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Pak, mbona basi lako linanguruma muda wote huu? Si ulizime?"

"Nizime?" Mzee alimtazama kama aliyeambiwa amtupe mtoto dirishani. "Wengine hawakushuka, wamelala. Kuna mama mwenye kichanga kiti cha nyuma. Nikizima, kiyoyozi kinakata, joto linawaamsha, kichanga kinalia, basi zima linaamka linanilaani mpaka Jakarta. Mimi dereva wa wapi?"

"Pak," alisema Bu Tinem polepole, "hakuna mama. Ni simu."

"Umehakikisha?"

Hakuna aliyekuwa amehakikisha.

Aliporudi kwenye usukani, mshale ulikuwa umelala kama mlinzi wa zamu. Pak Sukirdi alitoa miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Mshale haukubadili msimamo. Mheshimiwa alianza kusema neno la faraja, akalikosa, akala tempe ya mwenzake.

"Injini ikinguruma, linakunywa," Hananto alikumbusha umma kwa sauti ya kasisi. "Nilisoma tangazo. Nilisoma kwa sauti."

Mzee alibana basi kushoto, akalipeleka kwa pumzi ya mwisho. Brebes wakapita. Cirebon wakapita. Kijiwe chote kilijikuta kinavuta tumbo ndani ili kupunguza uzito. Halafu, maeneo ya Cikampek, Jakarta ikianza kunukia, basi likakohoa, likakohoa tena, likasimama pembeni ya barabara.

"Limekufa," alisema Mheshimiwa, na kuvua kofia.

Pak Sukirdi alitazama lile jina kwenye kioo cha mbele. Hakuwa mtu wa kubishana na tangi tupu.

"Nimeshindwa," alisema. "Mwanamume ni neno lake. Futa."

Hananto, ambaye alikuwa amejiandaa kwa ubishi wa wiki nzima, alikosa raha kwa kunyimwa huo ubishi. Hata hivyo alichukua simu, akabonyeza, akabonyeza tena, akakunja uso.

"Haifutiki."

"Betri?" aliuliza Bu Tinem.

"Si betri! Wanasema rangi na maandishi hubadilishwa karakanani tu. Na basi liko barabarani."

"Ita winchi ilivute."

"Wameondoa winchi kwenye toleo hili. Ati si uhalisia, winchi kushuka kutoka mbinguni. Lazima mchezaji mwenzako akuletee mafuta."

Mheshimiwa aliweka viwiko mezani. Hatimaye palikuwa na jambo la kikatiba. "Ngoja nielewe. Ili umfutie mzee jina, lazima kwanza umpelekee dizeli?"

"Ndiyo."

"Yaani umwokoe ndipo umdhalilishe?"

"Nitampelekea!" Hananto alipiga meza. Alitoa simu yake ya pili, ile yenye ufa. "Nina lori langu la mafuta, limeegeshwa Cirebon. Limejaa dizeli mpaka mdomoni. Nafika, namjazia, analipeleka karakanani, nafuta. Mguu wa Tembo, herufi kubwa!"

"Nenda pole, Mas," alimwonya Pak Sukirdi, safari hii akimwita kaka. "Mwenda pole hajikwai."

"Mwenda pole ndiye aliyekwama Cikampek, Pakde. Nipishe."

Jinsi Profesa Betri alivyoendesha lori lile, mwenye moyo mwepesi asisimuliwe. Alikanyaga tangu getini. Alipiga honi ya nyimbo kwa kila mtu, kwa watoto pembezoni mwa barabara, kwa ng'ombe, na kwa daraja. Alipanda kilima kwa gia ndogo injini ikilia kama nguruwe siku ya harusi. Alifunga breki ghafla, akakanyaga tena, akayapita magari yasiyokuwepo.

"Mshale, Mas," alisema Bu Tinem.

"Nimebeba lita elfu kumi na sita, Bu! Uniambie mimi habari za mshale?"

"Najua umebeba. Nakuuliza umekunywa?"

Hapo ndipo basi jekundu lilipotokea mbele, dogo, taa zake za hatari zikikonyeza pembeni ya barabara. Wapita njia wakashangilia. Hananto akapiga honi ya ushindi. Na katikati ya honi hiyo, lori likakohoa.

Likakohoa tena.

Likasimama.

Wapita njia wakasogea kuiona simu vizuri. Kisha Bu Tinem akaweka mwiko chini, akashika mbavu, akakaa juu ya gunia la mchele.

"Lori la mafuta," alisema akihema, "limeishiwa mafuta!"

"Mganga hajigangi!" alipaza Mheshimiwa.

"Haiwezekani!" Hananto alikuwa anapiga kioo cha simu kwa kidole kama anayebisha hodi kwa mdeni. "Nina dizeli mgongoni! Lita elfu kumi na sita! Mbona halinywi?"

"Soma hapo," alisema Mheshimiwa, akiinama. "'Shehena si mali ya dereva.'"

"Huu ni uhalisia gani sasa? Mtu abebe mafuta yote hayo halafu akwame kwa kukosa mafuta?"

Mheshimiwa alijinyoosha. Pengine ndiyo hotuba pekee maishani mwake ambayo hakuna aliyeikatiza.

"Profesa, nchi hii imechimba mafuta tangu enzi za Waholanzi, na mimi juzi nilipanga foleni ya dizeli mpaka kahawa ya mchana ikanipita. Usiwalaumu waliotengeneza mchezo huu. Hao ni ndugu zetu kabisa."

Wapita njia waliangua kicheko. Hananto aliuliza nani mwingine ana gari. Mmoja alikuwa amekwama Solo tangu asubuhi. Wa pili hakufika hata geti la stendi. Wa tatu alikuwa na pikipiki ya kweli, akaondoka nayo kabla hajaombwa. Kutoka dukani kwa fundi mtu alipiga kelele kwamba simu yake inazimika yenyewe.

"Betri!" alijibu Hananto bila kugeuka, akakusanya simu yake yenye ufa na aibu yake nzima, akaenda kufungua duka. Mheshimiwa naye akakumbuka ana kikao, ingawa hakusema na nani.

Kwenye meza ilibaki simu moja imeegemea kopo la sukari. Magari ya wachezaji wengine yalikuwa yanapita kasi, na kila lililopita lilipunguza mwendo kidogo, likapiga honi kwa basi jekundu lililosimama kando, jina lake bado linang'aa kwenye kioo.

Bu Tinem alipogeuka kuchukua vikombe, alimkuta Pak Sukirdi ameshika kifuniko cha kapu la wali, anaipepea ile simu, taratibu, bila kuchoka.

"Pak! Unafanya nini tena?"

"Injini imezimika," alisema mzee bila kuinua macho. "Kichanga kinasikia joto."