Nilivyomsema Kiungo wa Timu Mbele ya Mama Yake

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe. Na nina hasira, hata chai haishuki.

Mnajua timu yetu ya Jumapili hapa London ilivyo. Msimu ulipoisha, nusu ya wachezaji walitutoka. Mmoja kaoa kahamia Birmingham, wengine wamepata kazi za wikiendi, na kiungo wetu mchezeshaji, yule aliyekuwa akiiendesha timu nzima kwa mguu wake wa kushoto, kapanda ndege kaenda Canada. Bila hata kuaga! Basi tunajenga upya. Na anayejenga ni mimi, kocha (cheo nilichopewa kwa sababu siku ya mkutano sikwenda).

Leo asubuhi nimo ndani ya basi, mtaa wa Kingsbury, naelekea uwanjani. Simu ikalia. Bwana Khamis, mwenyekiti wetu.

"Kocha, jezi namba kumi, ile ya kiungo aliyetukimbia, unampa nani?"

"Sijaamua."

"Mechi ni leo! Unangoja nini, kura?"

Damu ikanipanda. Mazoezini haji, mvua ikinyesha humwoni, lakini jibu analitaka! Na mtandao mbovu, kila neno lazima nilirudie kwa kelele. Nikatazama huku na huku. Wazungu na magazeti yao. Nyuma yangu mama wa Kihindi, sari chini ya koti zito, kakumbatia mkoba. Nikajiambia, hapa hakuna anayejua Kiswahili. (Akili zangu hizo.)

Nikaufungulia mdomo.

"Sikiliza, Bwana Khamis! Ninao watatu, na wote mtihani! Sudi ana pasi tamu, lakini anatunza wazee usiku kucha, akifika uwanjani anasinzia wima kama farasi!"

"Nani?"

"SUDI! Otieno naye, mpira akiupata anadhani kaachiwa urithi na babu yake. Hagawi!"

"Na yule Nilesh?"

"Nilesh ana akili ya mpira kuwashinda wote. Lakini mwoga! Akiguswa bega tu, chini! Mama yake kamlea kwa maziwa na pole!"

Mwenyekiti akacheka. Nami, mjinga, nikanogewa. Nikasema ningempata wa nne, hao watatu ningewagawa bure.

Nikashuka. Yule mama naye akashuka. Sikujali. Watu hushuka.

Uwanjani vijana wamekaa duara wanavaa soksi. Nikaanza kuwahubiria umoja. Nimefika kwenye "kuheshimiana", nikaona hakuna anayenitazama. Wote macho nyuma yangu. Nikageuka. Yule mama wa kwenye basi anakuja, anakanyaga matope taratibu, mwavuli mkononi.

"Mummy?" akasema Nilesh.

Nikarudi nyuma hatua mbili.

"Kocha ni yupi hapa?" akauliza. Kwa Kiswahili! Tena Kiswahili cha Pemba, kilichonyooka kuliko changu! Timu nzima ikaninyooshea kidole. Wasaliti wakubwa.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako iweke kwanza. Mimi nimezaliwa Wete, nimesoma Wete, nimeolewa Wete. Sudi ni nani?"

Sudi akainua mkono.

"Wewe unasinzia wima kama farasi. Otieno yuko wapi? Wewe mchoyo, mpira umeachiwa na babu yako. Na huyu wangu nimemharibu mwenyewe, kwa maziwa na pole. Nimesahau kitu, kocha?"

"Mama, ule ulikuwa utani tu."

"Utani na nani? Tunajuana?"

Nikasikia mtu anacheka mpaka anakohoa. Bwana Khamis! Kaja na gari lake, kakumbatia mlingoti wa goli, machozi yanamtoka. Yeye ndiye aliyenichokoza! Neno moja la kunitetea hana!

Sudi akavua jezi, akaikunja vizuri, akanikabidhi. "Nimetoka kazini moja kwa moja kuja hapa, kocha. Sasa naenda kulala."

Otieno akanirushia mpira. "Chukua. Urithi huo."

Nilesh hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitazama tu, akasema, "Really, coach?" Kisha akachukua begi lake, akamfuata mama yake.

Sasa nani avae namba kumi? Mimi! Na kitambi changu! Jezi ikaishia kitovuni, wapinzani wakaulizana kama mimi ndiye refa. Dakika za mwanzo tu nikaguswa bega. Chini, puu, ndani ya tope. Hakuna aliyenipa pole. Mabao tuliyofungwa msiniulize.

Jioni nimepiga simu kwa kina Nilesh kuomba radhi. Kapokea mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mwanawe atarudi, ila kwa sharti moja: nianze kwa kumwomba Sudi radhi. "Yule anafanya kazi usiku kucha na bado anakuja kuwachezea," akaniambia. "Mwendee mlangoni kwake." Nikasema ndiyo, mama. Ningesema nini?

Nimekwenda. Nimegonga. Hafungui. Simu hapokei. (Huenda kalala.)

Kwa hiyo wewe unayecheka hapo, cheka. Lakini Jumapili uje na viatu vyako.